Daktari wa Mac na Ugonjwa wa Kuuliza

Tangazo rasmi. Umma wote unajulishwa kwamba yafuatayo ni maisha na matendo ya Daktari Bingwa wa Kompyuta za Mac, mtaalamu wa uchunguzi, upasuaji na ufufuaji, fahari ya mji na nuru ya vizazi vijavyo. Wasomaji wanaombwa wasimame, wavue kofia na wazime simu.

Haya, kaeni. Hakuwa daktari. Hakuwa bingwa wa chochote isipokuwa kulala mpaka jua limchome usoni. Jina la Daktari alijipa mwenyewe siku aliyonunua koti jeupe kutoka kwa kinyozi aliyekuwa anafunga biashara, na watu wakalipokea bila maswali, kwa sababu mjini mtu akivaa koti jeupe na kuchomeka kalamu mfukoni, hata polisi humpisha njia.

Asubuhi tunayoizungumzia, Daktari alikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni limeshika ufagio. Lilikuwa shangazi yake.

"Hiki chumba cha mbele nilikupa ufungue karakana," alisema Shangazi. "Naona koti. Naona kalamu. Naona kibao kikubwa, 'Daktari wa Mac'. Hizo Mac zenyewe ziko wapi?"

"Shangazi, biashara ni mipango."

"Na mimi nina mipango yangu. Yule msusi wa pale kona anakitaka chumba. Ana viti, ana kioo, ana wateja. Wateja, mwanangu! Watu wenye miguu yao, wanaingia wanatoka! Sasa nisikilize. Mwisho wa mwezi nikikuta hapa hakuna kitu kinachowaka, na mtu wa kukihitaji, unafunga virago unakwenda kwa baba yako mdogo kulisha kuku."

 Kuku wa baba mdogo Daktari aliwafahamu. Katika maisha yake yote, hao ndio viumbe pekee aliowahi kushindwa kuwadanganya. Kuku anataka punje, hataki maelezo.

Ieleweke kwamba Daktari alikuwa na ujuzi mmoja wa kweli. Zamani kidogo, mteja mmoja alimwachia Mac kuukuu ya mezani na hakurudi kuichukua, na Daktari, kwa kukosa la kufanya, akajifunza kuifungua, kuibadilishia diski, kuiongezea kumbukumbu na kuiwekea Linux, ule mfumo wa bure ambao haumuulizi mtu umri wa mashine yake. Ile Mac ikawa inaruka kama mbuzi. Ujuzi huo ulikuwa halali kabisa, na kwa hiyo hakuwahi kufikiria kuutumia.

Basi akavaa koti, akabeba mfuko wa makava ya simu anayotembeza siku za shida, akaingia mjini. Akapanda ngazi za jengo lenye duka la magodoro chini, akafika kwenye mapokezi ya Chuo cha Kimataifa cha Ukatibu, Kompyuta na Uongozi. Ukimataifa wa chuo hicho ulikuwa ni ramani ya dunia ukutani, tena imetoboka.

Hapo mapokezi alikaa Katibu Muhtasi, mama wa makamo mwenye kucha nyekundu na macho ya mtu aliyeshasikia uongo wote unaopatikana sokoni.

"Makava hatutaki," alisema kabla Daktari hajafungua mdomo.

"Sijasema makava, Mama."

"Mfuko wako umesema."

Kabla Daktari hajapata jibu, kishindo kikatoka chumba cha pili. Sauti nzito ilikuwa inaifokea kompyuta kama mtu anayefokea mtoto aliyevunja sahani. "Funguka! Nasema funguka! Tovuti ya wizara hiyo, si ya kwangu! Eti 'kivinjari chako hakitumiki tena'! Hakitumiki na nani?"

"Nani huyo?" Daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mkurugenzi," Katibu alijibu, akipuliza kucha zake zikauke. "Wakaguzi wanakuja kuikagua maabara ya kompyuta mwezi ujao, na kompyuta zimezeeka. Kila siku anazitukana. Hazijapata nafuu bado."

Daktari alihisi mwili mzima ukichangamka. Alichungulia mlangoni. Kando ya ukuta, zimejipanga kama wanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti, zilikuwapo Mac za mezani, zile nene za zamani zenye kioo mbele na tumbo la bati nyuma. Mbele yao alisimama Mkurugenzi, amevaa suti ya vipande vitatu katika joto la kuyeyusha mshumaa.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Daktari akiweka mkono kifuani. "Nilikuwa napita barabarani, nikasikia mashine inalia."

Mkurugenzi aligeuka. Aliliona koti. Hakuona kitu kingine tena siku hiyo.

"Wewe ni nani, kijana?"

"Daktari wa Mac."

"Mungu mkubwa! Njoo, Daktari, njoo umwone huyu."

Sasa ukweli wa kitabibu ni kwamba mashine hazikuwa na ubaya wowote zaidi ya umri. Mfumo wao ulikuwa wa zamani, haupati tena masasisho, na tovuti za siku hizi zilizifungia mlango kama shule inavyomfungia mwanafunzi aliyechelewa. Diski zao za kuzunguka zilikuwa zinatambaa. Mtu mwenye moyo safi angesema: wekeni diski ya kisasa, ongezeni kumbukumbu, wekeni Linux, mtazitumia mpaka mzichoke. Daktari aliyajua maneno hayo moja baada ya jingine. Akafungua mdomo, akasema mengine.

"Hii ni homa. Naomba nibaki na mgonjwa."

Walipotoka, aliizima mashine, akaiwasha huku amebana vitufe viwili, akaingia mlango wa nyuma wa mfumo, akaifuta diski yote. Ndani hamkuwa na kitu cha kulilia: mchezo wa karata, na barua moja ya mapenzi iliyoishia "Mpenzi wangu wa dhati". Kisha akaiwasha tena, akawaita.

Katikati ya kioo kikatokea kijifaili kidogo chenye alama ya kuuliza, kinapepesa. Kinakuja, kinapotea. Kila mwenye Mac anaweza kukutana nacho. Ndivyo mashine inavyosema kwamba imetafuta diski yenye mfumo na haikuiona. Mkurugenzi hakuwahi kukutana nacho.

"Inauliza nini?" alinong'ona.

"Inauliza yenyewe ni nani, Mheshimiwa. Imejisahau. Huu tunauita ugonjwa wa kuuliza." Daktari alivua miwani ambayo haikuwa na lenzi, akaifuta. "Na unaambukiza."

"Unaambukiza!"

"Kupitia waya wa umeme."

"Mbona birika langu la chai limechomekwa hapo hapo," Katibu aliuliza kutoka mlangoni, "na haliulizi kitu?"

"Birika lina maji, Mama. Maji yanakinga."

Katibu alilitazama birika lake. "Ahaa," alisema, akarudi kwenye meza yake.

Daktari akaomba kuzipima zote, faragha, kwa sababu za kitabibu. Kabla ya chakula cha mchana, maabara nzima ilikuwa inauliza. Ukutani kote vijifaili vinapepesa, kama darasa zima limenyoosha mkono na mwalimu hana jibu. Mkurugenzi alijishika kiuno.

"Dawa?"

"Hakuna. Duniani kote hakuna. Ni kuzitoa, kuzipeleka mbali na kuzizika. Kazi hiyo naifanya mimi mwenyewe, kwa sababu nina koti."

Mkurugenzi, badala ya kulia, alitabasamu polepole. "Nikwambie siri, Daktari? Afadhali. Zilikuwa zinanitia aibu. Wageni wanaingia wanakuta kompyuta zina matumbo! Mimi napenda kitu chembamba. Kitu chembamba kina hadhi." Alisema hivyo akiwa ameegemeza tumbo lake juu ya meza. Akatoa gari la chuo, dereva wa chuo na wapagazi wa chuo, mazishi yakafanyika saa hiyo hiyo, na kaburi likawa chumba cha mbele cha Shangazi.

Hapo ndipo Daktari alipopatwa na balaa la kufanya kazi.

Mpango wake ulikuwa rahisi: kuzifufua Mac, kuzipamba, na kumuuzia Mkurugenzi zile zile kama mashine mpya. Lakini mpango ulidai vipuri, na vipuri vilidai pikipiki yake. Aliiuza. Alirudi kwa miguu amekumbatia boksi la diski mpya na kumbukumbu kama mtu aliyebeba mayai.

Mac ya aina ile, kioo chake cha mbele kimeshikwa na sumaku. Daktari hakuwa na kinyonyio cha kukivutia, kwa hiyo aliazima kizibuo cha sinki jikoni kwa Shangazi, akakigandisha kwenye kioo, akavuta, pwaa! kioo kikatoka. Akafungua skrubu zenye kichwa cha nyota. Akainua skrini polepole, maana nyuma yake kuna nyaya nyembamba ambazo ukizivuta kwa pupa utajuta. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Akapuliza, akakohoa, akatoa diski kongwe, akaweka mpya, akafungua kile kimlango cha chini na kupachika kumbukumbu. Kisha flashi ya Linux, kidole kwenye kitufe cha kuchagulia, na mashine ikaamka. Zamani iliwaka kwa muda wa kunywa chai na kuosha kikombe. Sasa hata kikombe hukishiki.

Waifai ilikataa, kama inavyokataa mara nyingi kwenye Mac za aina hiyo zikiwekewa Linux. Akaunganisha simu kwa waya, akapakua kile kiprogramu kilichokosekana, nayo ikakubali. Akaenda kwenye ya pili. Akaenda kwenye ya tatu. Kifuani mwake akahisi joto la ajabu ambalo hakuwahi kulihisi, akadhani ni njaa. Alikula. Halikuondoka.

Mashine zilipokuwa zinawaka mstari mzima, mlango ukiwa wazi, watu wakaanza kuchungulia. Akaja fundi cherehani aliyetaka kuandika bei zake vizuri. Akaja bwana harusi mwenye kadi za kuchapisha na jina la bi harusi amelikosea. Wakaja wanafunzi wenye kazi za kuwasilisha, wakakuta tovuti zinafunguka bila matusi. Daktari aliwahudumia wote kwa kununa, kwa sababu walikuwa wanamchelewesha kwenye utapeli wake.

Shangazi alikuja na msusi kupima ukuta kwa ajili ya kioo. Wakashindwa kuingia. Mlango ulikuwa umejaa watu.

"Hawa ni nani?" aliuliza Shangazi.

"Wateja," Daktari alijibu bila kugeuka. "Subiri zamu yako, Shangazi."

Shangazi alisubiri zamu yake. Alipokaa, akampigia mwanawe wa ng'ambo simu ya video, akamwona mjukuu hadi vinyweleo, akatoka amelowa machozi.

"Dada, utanisamehe," alimwambia msusi. "Tafuta chumba kwingine. Mtoto wa kaka yangu kumbe ana akili, alikuwa ameificha tu." Kisha kwa Daktari: "Mwanangu, kaa. Ilimradi hizi mashine ziko hapa na zinawaka, chumba ni chako. Zikitoka, na wewe unatoka."

Msomaji mwenye busara ataona kwamba hapa mambo yalikuwa yamemnyookea. Chumba anacho, wateja anao, ujuzi anao, shangazi amelainika. Mtu yeyote mwenye akili ya kuvukia barabara angekaa kimya na kutajirika taratibu. Lakini Daktari alikuwa tapeli wa kujiheshimu, na kupata riziki kwa njia inayoeleweka aliona ni kudhalilika. Siku hiyo hiyo alimpigia Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, nimeagiziwa mashine kutoka ng'ambo. Toleo la Kimataifa. Nimesema kabla sijamwita mtu mwingine, nimwite msomi."

"Umefanya vema," alisema msomi.

Daktari aliwafukuza wateja, akazipangusa Mac, akazibandikia vibandiko vinavyong'aa, akaipamba Linux kwa picha ya milima yenye theluji na safu ya vialama chini ya kioo. Mkurugenzi akaja na suti yake. Katibu Muhtasi akaja na kucha zake.

"Lo!" alisema Mkurugenzi mashine ilipowaka. "Kasi gani hii! Unaona, Katibu? Unaona tofauti na yale makopo yetu?"

"Naona," alisema Katibu. Alikuwa amezunguka nyuma ya mashine ya kwanza. Pale kwenye bati, karibu na tundu la waya, palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha, lililokauka zamani. Katibu alilitazama tone. Akatazama kucha zake. Akamtazama Daktari, ambaye alikuwa anamweleza Mkurugenzi kwamba unene wa mashine hizi ni unene wa kisasa.

"Ni nzuri sana, mwanangu," Katibu alisema kwa upole. "Hata kama zimenenepa."

"Bei sasa," alisema Daktari.

"Fedha hatuna," alisema Katibu.

"Fedha tuna..." alianza Mkurugenzi.

"Hatuna, Bosi. Umesahau." Katibu alimgeukia Daktari. "Lakini tuna kitu kabatini. Ah, basi. Hapana. Hizo Mkurugenzi anazipenda mno."

"Kitu gani, Mama?"

"Acha tu, mwanangu. Ni vitu vyembamba."

Daktari hakulala usingizi mzuri mpaka alipofika chuoni kuvichungulia. Katibu alilifungua kabati kama mtu anayefungua sanduku la vito. Ndani zililala Mac za kubeba, nyembamba kama sahani, rangi ya dhahabu, nyepesi hata ukizibeba unajiuliza kama umebeba. Chuo kilizinunua enzi kilipodhani kitakuwa na bodi. Bodi haikupatikana.

"Tatizo," alisema Katibu akiwasha mojawapo, "nazo zimeshikwa."

Kijifaili kikatokea kwenye kioo cha dhahabu, kinapepesa, kinauliza.

Moyo wa Daktari ulipiga shoti. *Diski tu,* aliwaza. *Nafungua, nabadilisha diski, naziuza kila moja kwa bei ya Mac nene tano. Na hawa mbumbumbu hawajui.* Usoni akavaa sura ya msibani.

"Pole, Mama. Zimekufa."

"Ndiyo hivyo."

"Lakini kwa sababu ya urafiki wetu, nitawaachia zangu, nichukue hizi nikazizike."

"Zote?" Katibu alishtuka. "Hapana, mwanangu. Chukua mbili."

"Zote, Mama. Ugonjwa unaambukiza."

"Tatu, basi. Mkurugenzi atanifukuza kazi!"

"Zote, au nazipeleka mashine zangu kwa chuo kingine."

Katibu alifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Unatubana sana. Haya. Ila tukishabadilishana, tumebadilishana. Usije kesho ukaniambia umebadili nia."

"Hilo ndilo nililotaka kuwaambia ninyi," alisema Daktari, na kwa mara ya kwanza siku hizo alikuwa anasema kweli.

Gari la chuo likaenda chumba cha Shangazi, likabeba Mac nene pamoja na diski mpya, kumbukumbu mpya, na pikipiki yote iliyokuwa imeyeyushiwa humo. Daktari akarudi na dhahabu yake kwapani, anapiga mluzi.

Akatandika kitambaa mezani. Akaigeuza Mac ya kwanza kutafuta kile kimlango cha kumbukumbu. Hakikuwapo. Akachukua kizibuo cha sinki, akavuta, kioo kikabaki palepale, yeye ndiye aliyeinuka. Akafungua skrubu ndogo kama mbegu za bilinganya, akaupasha joto ule mwili, akapitisha kadi ya simu kwenye ubavu, akafungua hatimaye akiwa amelowa jasho. Akachungulia ndani.

Kulikuwa na betri, gundi, na kibao kidogo cha umeme unachoweza kukipima kwa kidole. Hakuna diski ya kuchomoa. Hakuna kumbukumbu ya kupachika. Vyote vilikuwa vimelehemiwa juu ya kibao hicho, vimeshikana kama ndugu wa tumbo moja, na ndugu mmoja alikuwa ameshakufa. Ile Mac kuukuu, nene, yenye tumbo, ilikuwa imetengenezwa mtu aifungue. Hii nyembamba haikutaka kuonana na mtu.

Akafungua ya pili. Ndugu wale wale.

Akampigia Katibu simu.

"Mama, hizi mashine hazitengenezeki!"

"Ndiyo, mwanangu. Mafundi watatu walishatuambia. Wenye karakana kabisa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikuambie nini wewe? Si ulisema ni ugonjwa wa kuuliza? Si ulisema duniani kote hauna dawa? Mimi ni katibu tu, nikasema Daktari ndiye anayejua."

"Mama, nirudishie zangu."

"Zako zipi?" Sauti ya Katibu ilibaki na upole ule ule. "Zile zenye rangi yangu ya kucha nyuma? Njoo uzichukue, mwanangu. Njoo na koti. Nimwite na polisi aje asikilize maelezo?"

Daktari alikata simu taratibu, kama mtu anayerudisha kifuniko kwenye sufuria yenye nyoka.

Lakini hakukata tamaa. Kama diski imekufa, Linux inaweza kuendesha mashine ikiwa juu ya flashi. Alichomeka flashi. Mac ya dhahabu ikaamka, ikaonyesha milima yenye theluji, Daktari akaruka juu, na kabla miguu haijagusa sakafu mashine ikazimika. Betri ilikuwa imechoka. Akachukua chaja, akaizungusha mashine kutafuta pa kuichomeka. Akaizungusha tena. Mashine yote ilikuwa na tundu moja.

Hebu tuheshimu ukubwa wa msiba huu. Ukichomeka flashi, huwezi kuchaji. Ukichaji, huna mfumo wa kuwasha. Daktari alikaa mbele ya tundu hilo moja akiwa na waya mkono wa kulia na flashi mkono wa kushoto, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema nani kati yake na mashine ndiye anayeuliza.

Mwishowe akapata kifaa cha kugawa tundu. Flashi upande huu, chaja upande ule, vyote vinaning'inia ubavuni, mashine ikakubali kuishi, kama mgonjwa anayetembea na dripu. Ukiitikisa kidogo, inakata roho.

Ndivyo Shangazi alivyomkuta: hakuna mashine zilizojipanga, hakuna watu mlangoni, Daktari amepiga magoti anaishikilia dripu kwa mkono.

"Zile kompyuta ziko wapi?"

"Shangazi, nimezibadilisha na nyembamba."

Fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi na daftari lake la bei. Aliangalia mezani, akaangalia dari, akaondoka bila kuaga. Shangazi alitoka kwenda kumwita msusi. Msusi akaja jioni hiyo hiyo na vitasa vipya na kioo kirefu kuliko mlango.

Chuoni, Mkurugenzi alikata utepe. Wakaguzi walizijaribu mashine, zikafunguka chap chap, wakaandika kwamba hawajaona maabara nadhifu kama ile. Mkurugenzi alihutubia juu ya kwenda na wakati na kutupa vitu vya kale, amesimama mbele ya vitu vyake vya kale. Mpaka leo hajui. Katibu hakumwambia, alisema akili ya bosi ni ya kutumiwa kwa uangalifu, maana haina vipuri.

Naye Daktari, kabla hajapanda gari kwenda kwa kuku, aliziuza zile nyembamba kwa rejareja, pamoja na dripu zake. Nani alinunua? Watu unaowatarajia. Wakala wa viwanja aliyetaka kitu cha kuweka mezani wateja wakija. Mtoa hotuba za harusi. Na kubwa la wajinga, mwanafunzi mmoja wa bweni aliyekuwa likizoni, ambaye aliambiwa kwamba mgonjwa yuko kwenye matibabu na anaendelea vizuri, akatoa viatu vyake vipya, redio yake na saa aliyoachiwa na babu, kwa sababu alitaka kuingia darasani na kitu cha dhahabu kwapani. Mtu wa namna hiyo anastahili kuchekwa na shule nzima, na kwa kweli...

Naam? Nani ameuliza?

Kuna msomaji hapo nyuma anataka kujua imekuwaje nimsimange Daktari ukurasa mzima, na Mkurugenzi, na wapenda vitu vyembamba wote, halafu nijue barabara kwamba mashine ile ina tundu moja na kwamba ukiitikisa inakata roho. Anasema mambo hayo hayajulikani kwa kusimuliwa. Anasema pia kwamba nimevaa kandambili za bafuni na sare ya shule.

Sawa. Ni mimi. Daktari aliniambia nina sura ya mtu mwerevu, na mimi sikuona sababu ya kumpinga mtaalamu. Hadithi hii nimeiandikia humo humo kwenye dhahabu, flashi huku, chaja kule, na nimeanza upya kila mtu alipopita akagusa meza. Mkitaka kucheka chekeni, lakini chekeni mkiwa mbali kidogo, na jamani nawaomba kwa heshima zote, yule aliyekaa karibu na dirisha asiegemee me